Roboti Yetu Inaenda Sawa, Lakini Si Sisi Tulioirekebisha

Mama Berthe mupendwa, nakusikiliza kila juma kwenye redio na leo naomba unisaidie na mimi, maana roho haitulii. Naitwa Djamila, nasoma electromécanique, kazi ya mota na umeme, hapa Kisangani, na mwaka jana nilikuwa nimemuambia papa kwamba nitaacha, kwa sababu tulikuwa tunachora mota ubaoni tu bila kugusa hata moja, alafu prof wetu Franck akaleta mashindano ya roboti, kila kikundi kitengeneze yake, ifuate mustari na kubeba mikebe, donc mimi na mwenzangu Angélique tukachukua mota za gari bovu, tukaunga waya, tukaunguza mota na vidole, tukaunga tena, na kwa mara ya kwanza nikawa natamani kukuche niende atelier, karakana yetu ya masomo. Shida, roboti ilikuwa inapinda kushoto kila mara. Ijumaa nilienda musikitini, Angélique akaenda kuona wazazi Kapalata, na tuliporudi Jumatatu ikaenda sawa kabisa. Nikauliza, "Nani ameigusa?" Prof akacheka: "Nimewasaidia kidogo tu. Wageni wanakuja kuangalia mashindano, tusipate haya." Angélique akanishika mukono: "Djamila, acha, tutashinda!" Lakini nikifungua kifuniko sielewi tena waya zangu mwenyewe. Tangu siku ile siongei na Angélique, prof namukwepa, na mashindano iko Jumamosi. Nijitoe?

Djamila

Djamila mutoto wangu, hapana, hujitoi. Uchungu wako nauelewa: umenyang'anywa kazi ya mikono yako, hata kama aliyefanya vile alitaka mema. Prof wako alifanya vizuri kuwaletea mashindano, kisha woga ukamuingia. Lakini bon, na wewe, kununa kutakusaidia nini? Angélique amekukosea nini? Aliungua vidole pamoja na wewe, ana haki ya kutaka kushinda. Na prof umemuambia nini? Hakuna! Atajua namna gani?

Kesho asubuhi muende wote wawili. Umuambie kwa heshima: "Prof, aksanti, lakini utuonyeshe ulichobadilisha, tukitoe, tukifanye wenyewe." Akisema wageni watacheka, umukumbushe kwamba wageni watauliza maswali, na ni nyinyi mutajibu, si yeye.

Jumamosi ikipinda, ipinde. Usimame kando yake, ueleze mbele ya watu wote kwa nini inapinda na ungejaribu nini tena. Hiyo ndiyo masomo uliyokuwa unatafuta.

Sasa zima redio, uende kwa Angélique kwanza, umuombe radhi. Iko kazi ya kufanya na mikono yako peke yake haitoshi.

Mama Berthe