Ndizi Nne na Insha ya Chuo

Baba Muthoni,

Nimechukuliwa. Naanza na hilo kwa sababu wewe hukupenda mtu akuzungushe. Nimepata nafasi chuoni, stashahada ya lishe, na Jumatatu ijayo naripoti. Sanduku liko tayari. Mama ameshalifungua mara tatu kuhakikisha nimeweka sweta.

Sasa ni miezi minane tangu tukuzike kwenu Giakanja. Nimejaribu kukuandikia mara kadhaa nikashindwa njiani. Leo ni Jumamosi mchana, nimekaa nje ya jikoni kwetu, jua limetoka vizuri, na nadhani leo nitafika mwisho.

Kwanza nikupe habari za hospitali. Jikoni wameleta gesi. Ule moshi uliokuwa ukitutoa machozi umekwisha, na kuta zimepakwa rangi nyeupe, huwezi kuamini ni pale pale. Mpishi mpya ni mama mmoja mpole wa kutoka Gatitu. Anapika vizuri, lakini haimbi. Siku ya kwanza nilipomkuta ameshika mwiko wako nilitoka nje nikajifanya naenda kuchota maji, na maji yapo ndani kwenye mfereji. Alinielewa.

Nakumbuka nilivyokuja kwako. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimekaa nyumbani karibu miaka miwili, nikaandikwa kuosha vyombo jikoni mwako. Nilidhani kuosha vyombo ni kuosha vyombo. Siku ile ya kwanza nilitaka kumwaga mabaki kwenye ndoo, ukanishika mkono.

"Ngoja. Usimwage kwanza. Angalia."

Nikaangalia. Sikuona kitu ila uchafu.

"Hii ni ya wodi ya akina mama. Wamemaliza mboga, wameacha ugali. Kwa nini?"

Nikakuambia labda wameshiba.

"Mtu akishiba anaacha kila kitu kidogo kidogo. Hawa wameacha kitu moja. Ugali yangu ilikuwa ngumu leo." Kisha ukacheka mwenyewe, ukaenda kupika uji.

Hivyo ndivyo ulivyonifundisha. Nilijifunza kujua nani anaumwa meno, nani ana mawazo, nani mtu wake amemletea chakula kutoka nyumbani akakificha chini ya kitanda. Sikujua kwamba hayo ni masomo. Nilidhani ni maneno ya mzee anayependa kazi yake.

Halafu akaja Mzee Muriuki. Mkulima wa mpunga kutoka Wang'uru, alikuwa amekuja Nyeri kukaa na binti yake, figo zikamsumbua akalazwa kwetu. Chakula chake kilikuwa kinawekwa kando, na karatasi juu yake, bila chumvi. Siku tatu mfululizo sahani yake ilirudi kama ilivyoenda. Siku ya nne nikimpelekea chai alishika aproni yangu akasema, "Msichana wangu, hata ndizi tu. Niletee ndizi."

Unajua nilichofanya. Nilitoka hadi kwa wachuuzi wa getini nikamnunulia ndizi mbili. Kesho yake nikanunua mbili tena. Kwetu mtoto akiugua mama alimpa ndizi, basi mimi niliona nafanya wema. Maganda niliyaficha mfukoni mwa aproni nikayatupa mbali. Hiyo ya kuficha ndiyo inaniuma mpaka leo, Baba Muthoni, kwa sababu inaonyesha kwamba mahali fulani moyoni nilijua.

Siku ya pili ganda moja lilibaki chini ya sahani. Ukalishika kwa ncha za vidole.

"Wangechi. Hii imetoka wapi?"

Nilikuambia yote, nikilia. Nilingoja unigombeze. Afadhali ungenigombeza.

"Si mimi unafaa kuambia," ukasema. "Nenda kwa Sista Wairimu. Saa hii. Useme wewe mwenyewe, usingoje uulizwe."

Nikakuambia watanifuta kazi.

"Labda watakufuta. Lakini yule mzee ako na figo haifanyi kazi. Hiyo ndizi inaweza kusimamisha moyo yake. Twende."

Ukanisindikiza hadi mlango wa ofisi ya manesi, ukasimama nje na mikono yako bado ina maji ya kabichi. Niliingia peke yangu. Sista Wairimu hakunipigia kelele. Aliinuka hata kabla sijamaliza, akamwita daktari, wakamtoa mzee damu kuipima. Potasiamu, ile madini iliyojaa kwenye ndizi ambayo figo zake hazikuweza kuitoa, ilikuwa imepanda. Wakampa dawa, wakamwekea mashine ya kuangalia moyo, na mimi nikakaa kwenye ile benchi ya korido mchana wote nikiomba Mungu. Jioni Sista akatoka akasema, "Inashuka. Nenda nyumbani." Nilipewa barua ya onyo, na kwa wiki mbili sikuruhusiwa kukanyaga wodini.

Mtu ambaye sikutarajia anitafute ni yule madamu wa lishe aliyekuwa akija kila Jumanne. Aliniketisha pale nyuma ya stoo akaniuliza kwa nini nilifanya hivyo. Nikamwambia mzee alikuwa na njaa, ni kile chakula tu hakukitaka, na mimi nilikuwa naona sahani zake zikirudi. Akasema, "Kumpa ndizi ulikosea sana. Lakini hiyo ya sahani ilikuwa sisi tuione. Karatasi yetu imemwambia asile nini. Hakuna aliyemuuliza nyumbani anakula nini."

Mkaenda, wewe na yeye, mkamuuliza mzee. Uliponisimulia baadaye ulimwigiza hadi sauti: "Mimi nimelima mchele maisha yangu yote, na hapa mnanipa ugali kila siku!" Kumbe mchele mweupe aliruhusiwa. Ulikuwa umeruhusiwa tangu mwanzo. Ukampikia wali kwa kitunguu, kitunguu saumu, ndimu na dhania, bila chembe ya chumvi, na kabichi iliyochemshwa kwenye maji mengi kisha maji yakamwagwa. Mimi nilikuwa kwenye sinki. Ulikuja na sahani yake umeiinua juu kwa mikono miwili kama mtu aliyeshinda kombe. Hakukuwa na punje hata moja.

Siku hiyo ndiyo uliniambia, "Hii kazi iko na shule yake. Enda ukasomee."

Na hukuacha. Mwaka mzima. Nikichelewa, "Umeenda kuchukua fomu?" Nikivunja kikombe, "Shule ya lishe haina vikombe vingi, enda huko." Nilikuwa nacheka na kusema nitaenda. Ukweli ni kwamba niliogopa. Alama zangu zilikuwa za kutosha tu, si za kujivunia, na niliona watu wa chuo ni watu wengine.

Fomu nilichukua wiki mbili baada ya mazishi yako.

Ilitaka insha, maneno mia tano, kwa Kiingereza. Kwa nini unataka kusomea lishe, na ueleze jambo moja lililokufunza kitu. Baba Muthoni, hiyo insha ilinitoa jasho. Ya kwanza niliandika kwamba tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuhudumia taifa langu kupitia lishe bora. Utotoni mimi nilitaka kuwa msusi. Nikairarua.

Nilipoenda saiba, lile duka la kompyuta mjini, kuuliza habari za kuchapa, mama mwenye duka akaniambia nisijichoshe, ako na insha moja nzuri ambayo imeshapita, yeye hubadilisha jina tu. Akanichapia. Nikaenda nayo nyumbani. Ilikuwa tamu kweli, ilikuwa na msichana aliyefiwa na mdogo wake kwa njaa. Nikamtafsiria Mama akiwa anachambua maharagwe. Alisikiliza yote mpaka mwisho, akauliza, "Huyu ni nani?" Nikasema ni mimi. Akasema, "Ati wewe? Na huyo mtoto mwingine nilimzaa lini?" Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Lakini nilipoenda kuokota, aibu ilinishika. Nilikuwa tayari kuingia chuoni kwa kifo cha mtoto ambaye hakuwahi kuwepo.

Ya tatu niliandika juu yako. Sahani, wali, Mzee Muriuki amemaliza chakula. Ilikuwa ya kweli yote, ila ndizi hazikuwemo. Niliisoma na kuisoma nikaona kitu hakishikani. Mzee amekataa chakula, halafu ghafla anaulizwa anachopenda. Kwa sababu gani? Ni nani aliyefanya watu wakaamka? Ni msichana aliyekaribia kumuua, na msichana huyo nilikuwa nimemtoa kwenye hadithi.

Ya nne nikaandika ndizi. Nikaandika hata maganda mfukoni. Mama aliposikia alishtuka. "Utajiharibia, Wangechi. Nani atamchukua mtu kama huyo kwa mambo ya wagonjwa?" Nikaibeba hadi kwa Sista Wairimu, kwa sababu alikuwepo siku ya ndizi, na Kiingereza chake ni kizuri. Aliisoma amesimama, kalamu mkononi. Alinirekebishia maneno kadhaa, kisha akakata sentensi moja nzima, ile niliyosema kwamba kwa kukiri kwangu niliokoa maisha ya mgonjwa.

"Hukuokoa mtu," akasema. "Uliharibu, halafu ukasema. Andika hivyo tu. Inatosha."

Nikaandika hivyo tu. Nikaipeleka.

Niliitwa kwenye mahojiano. Watu watatu nyuma ya meza, na mama mmoja wa makamo amechora mstari mwekundu chini ya neno fulani kwenye insha yangu; sikuweza kuona ni lipi na nilishindwa kutazama kwingine. Akaniuliza, "Leo mgonjwa yule akikuomba ndizi, utafanya nini?"

Nikasema, "Nitamuuliza nyumbani hula nini. Halafu nitauliza anayejua, kabla sijaenda getini."

Mwenzake akaniuliza kama sikuogopa kuwaandikia jambo kama hilo. Nikamjibu, "Niliogopa. Hata sasa naogopa." Yule mama akatabasamu kidogo akageuza karatasi. Nilitoka pale nikanunua chai, nikashindwa kuinywa.

Ujumbe ulikuja kwenye simu tukiwa shambani na Mama tunapalilia viazi. Nilimsomea. Akapalilia mpaka mwisho wa mstari wake, akaegemeza jembe, akarudi akanishika uso kwa mikono yake yenye udongo na kuniombea pale pale, kwa sauti ya kusikika hadi kwa jirani.

Sasa kuna jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka. Sijalisema kwa mtu.

Jumapili ile ulitoka kanisani, ukaketi ukingoja chai, na Mama Muthoni alipoileta hukuitikia. Walisema ni presha, mshipa umepasuka kichwani. Mazishi yalijaa watu, Mzee Muriuki alikuja na mkongojo wake kutoka Wang'uru, na binti yake akashusha gunia la mchele lililolisha waombolezaji wote. Kila mtu alisema ni kazi ya Mungu, na mimi niliitikia. Lakini mimi nilikuwa nikila nawe kila siku, Baba Muthoni. Uliwapikia wagonjwa kwa kipimo, halafu ukiketi kula chako ulinyunyiza chumvi kabla hujaonja. Mara mbili, wakati mwingine tatu. Nilikuwa naona. Baada ya mambo ya Mzee Muriuki nilijua hata kwamba chumvi hupandisha presha. Na nilinyamaza, kwa sababu ulikuwa mkubwa wangu, na mimi ni nani wa kukuambia habari za chumvi jikoni mwako?

Sijui kama ningesema ingebadilisha kitu. Sista Wairimu angeniambia nisijifanye najua. Huenda ungecheka ukaongeza nyingine. Lakini ungekuwa umesikia.

Basi nikuambie nilichofanya badala yake. Mama Muthoni naye ameambiwa ana presha. Tangu mwezi wa pili naenda kwake kila Jumamosi asubuhi, na leo nimetoka huko. Mara ya kwanza nilipogusa kopo lake la chumvi alinitolea macho. "Wewe mtoto, umekuja kunisalimia ama kuninyima?" Niliogopa kuliko siku ya mahojiano. Nikamwambia, "Nimekuja kwa yote mawili, Mama." Tumepunguza polepole. Sasa anatia dhania na ndimu, analalamika, anakula. Wiki jana zahanati walimwambia presha imeshuka, akanipigia simu kunitangazia kana kwamba ni yeye aliyegundua.

Ndiyo ahadi yangu kwako. Likizo zote nitapitia kwake, na Muthoni amekubali kuendeleza nikiwa chuoni. Na mahali popote nitakapofanya kazi, nikiona kitu nitasema, hata kwa mtu ninayemheshimu. Hasa kwa huyo. Nitasema kwa adabu, nitatetemeka, lakini nitasema.

Asante kwa kusimama nje ya mlango ule siku ile. Pumzika, Baba Muthoni. Mama ananiita nikale, na kesho kutwa naenda shule.

Ni mimi,
Wangechi