Marahaba ya Mdenmaki

Mastura weee! Bibi Rosalina kanimaliza leo!

Mwaka 1972, kijijini Mahurunga, alikuwa anampikia Mdenmaki mmoja mchimba visima. Akakishika Kidenmaki hukohuko jikoni, akamfasiria daftari zima la maneno ya Kiswahili: habari za asubuhi, naomba maji, karibu chakula.

Jamaa kaandika jina lake peke yake kwenye jalada! Eti bibi "mpishi tu". Mpishi tu, Mastura!

Bibi akalichukua daftari. Ukurasa wa mwisho akamwandikia: ukiwakuta wazee, anza wewe kusema "marahaba".

Siku ya mkutano wa kijiji jamaa kasimama mbele ya wazee wote: "MARAHABA!"

Mzee Bwanaheri akamuuliza, "Kwani nani kakuamkia?"

Jamaa kamgeukia bibi, uso mwekundu. Bibi kamwonyesha jalada: "Mimi mpishi tu, bwana. Mwenye kitabu ni wewe."