Sakafu ya Chumba cha Kufulia

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama. U hali gani? Wifi na watoto hawajambo? Sisi tu wazima, ila magoti ya mama yanamsumbua. Ulimi wake, kama unavyoujua, haujapata kuumwa hata siku moja.

Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hiyo univumilie. Ile hospitali ya zamani manispaa imeamua kuihifadhi, nami nimepata kazi ya useremala, natengeneza milango. Nilifurahi mno. Wodi za mbele zinatunzwa kama mboni ya jicho: kila kigae kinapigwa picha kabla ya kuguswa, na ukitaka kung'oa bawaba moja lazima uombe ruhusa.

Basi juzi nikaingia nyuma, chumba cha kufulia, alikofanya kazi mama miaka yote ya utoto wetu. Kaka, nilitaka kulia. Ukuta uliokuwa mweusi kwa moshi wa majiko ya kuchemshia mashuka wameukwangua na kuupaka rangi nyeupe pepepe. Mabeseni ya zege wameyavunja, isipokuwa moja, nalo eti litapandwa maua! Nikamuuliza msimamizi wa ujenzi kulikoni. Akanijibu kwamba huku nyuma hakuna historia, kulikuwa kunafuliwa tu. Kunafuliwa tu! Hao madaktari wake wa mbele walikuwa wakilaza wagonjwa juu ya nini, majani?

Kilichobaki ni sakafu. Pale yalipokuwa mabeseni kuna vibonde vya nyayo, viwili viwili, vilivyochimbwa na miguu ya wanawake waliosimama hapo wakifua maisha yao yote. Ramani inasema sakafu imeharibika, imwagiwe zege isawazishwe. Wanamwaga Jumatatu.

Jana nikampeleka mama, msimamizi akiwepo.  Akavua kandambili, akaenda moja kwa moja kwenye nafasi yake karibu na dirisha, akakanyaga. Miguu ikaingia sawasawa. Akatuambia kwamba hapo ndipo uchungu wa kukuzaa wewe ulipomshika, na wenzake wakamkokota kuvuka ua hadi wodini, mikono yao imejaa povu. Alipoelezwa habari ya zege akawaka. Akamwambia msimamizi kwamba ana mwanawe mchora ramani za majengo, msomi hasa, na akisikia upuuzi huu atakuja kuwatia adabu. Msimamizi akaniangalia, akainamisha kichwa.

Yule bwana ni muungwana, kaka. Alingoja mama atangulie nje ndipo akanionyesha jina lako chini ya ramani, akanieleza kwamba umeichora wewe.

Najua hukufika, ulichora kwa picha ulizotumiwa. Lakini chumba kile wewe ulihitaji picha ya nini? Si tulikuwa tukimngoja mama pale mlangoni kila siku tukitoka shule? Uliandikaje kwamba sakafu ile imeharibika? Nimekukasirikia, na sitaki kukuficha. Aliyeichora ndiye anayeweza kuibadilisha, kwa hiyo wapigie simu kabla ya Jumatatu, na ikiwezekana uje mwenyewe.

Mama sijamwambia. Leo asubuhi ndiye aliyenihimiza nikuandikie upesi, maana ana hakika ukija mambo yatanyooka.

Msalimie wifi na watoto. Mama anakusalimu sana, na anakungoja.

Mimi mdogo wako,
Msumari