Kitabu Nilichokipigia Mnada Kariakoo

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Ilala tu wazima, bibi yako bado ananinunia nikikoroma.

Unauliza kama uone aibu kuchapisha riwaya yako mwenyewe, kwa kuwa wenzako chuoni wanasema hiyo ni njia ya waliokataliwa. Mimi niliyeishia darasa la sita nilichapisha yangu! Wachapishaji waliukataa mswada, nikaupeleka kwa mpiga chapa mmoja mtaa wa Mchafukoge, kisha nikavitandaza vitabu Kariakoo juu ya turubai langu la mitumba. Nilisoma kwa sauti ya mnada, hadi Feri walinisikia. Nikifika pale binti wa riwaya yangu anapogongewa mlango, nafunga kitabu.

Mwalimu mmoja akauliza, "Kimetolewa na nani hiki?"

"Na mimi, mwalimu."

"Basi hakuna aliyekikubali!"

Watu wakacheka. Iliniuma, lakini turubai sikulikunja. Nikasoma tena, kwa sauti zaidi. Mwalimu akaondoka, akarudi.

"Kwani huyo binti alifungua?"

"Mwisho umo ndani, mwalimu. Karibu."

Akanunua, akakificha ndani ya koti.

Wewe jina lako usilifiche, mama. Liandike kubwa juu ya jalada, unitumie boksi zima. Turubai bado ninalo.

Babu yako, mwandishi