Maoni Yangu Juu ya Kanuni ya Tano

Mjukuu wangu,

Kanuni za mchezo wenu wa mezani, ule wa kuigiza mashujaa kwa kurusha dadu, nimezisoma mara mbili, kalamu mkononi, kama nilivyokuwa nikisahihisha insha zako. Ya pili, kwamba dadu ikianguka chini irushwe upya, ni nzuri, inazuia ugomvi. Ya nne ipunguze maneno.

Ya tano ndiyo imenikaa rohoni: "Atakayekosa vikao vitatu, mhusika wake auawe." Adhabu isiyouliza sababu humwonea mtu. Dada yako kaniambia mhusika wake, yule tabibu, atauawa Jumamosi hii. "Si ujitetee!" nikamwambia. Akacheka: "Babu, mimi tabibu, si wakili." Alinikataza kukwambia, lakini Jumamosi zote tatu alizokosa alikuwa nami hospitalini, nikisafishwa damu. Usishtuke; naendelea vizuri, na ubishi wangu ni ule ule.

Andikeni hivi: asiyekuwepo, mhusika wake abaki kambini akilinda moto. Tabibu wenu hakutoroka. Alikuwa na mgonjwa.

Ni mimi babu yako,
ninayeomba kikao kimoja mkifanyie kwangu.