Chupa za Chumba cha Baridi

Baba yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini goti limepunguza maumivu, na kwamba Mama amekukatalia kubeba yale matofali. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu ningelia, nawe ungeniambia nikanywe maji kwanza.

Bila shaka umeshasikia. Waziri wa maji amejiuzulu, na mkurugenzi wa kampuni ya maji iliyokufukuza amekamatwa. Redio ilitangaza asubuhi tukiwa tunaosha vyombo vya maabara. Kumbe waziri ana hisa katika kiwanda cha rangi, uchafu wa kiwanda ulikuwa ukiingia tangi namba mbili, na wote wawili walijua. Tangi namba mbili, Baba! Lile ulilosema maji yake ni machafu, wakakucheka mpaka wakakubandika jina la Mzee Tope.

Fundi wetu mkongwe, ambaye sote tunamwita Shangazi, alifunga bomba akasema kumbe Mzee Tope ndiye peke yake aliyekuwa msafi. Tukacheka. Kisha yeye akaanza kulia, nasi tukajifanya tunatafuta taulo.

Walivyonaswa utapenda. Hapa maabara kila sampuli huchukuliwa chupa mbili. Moja hupimwa, ya pili hukaa chumba cha baridi mwaka mzima, lebo yake ikiandikwa kwa penseli kwa sababu wino huchujuka kwenye unyevu. Meneja wetu alibadilisha majibu yote kwenye kompyuta, lakini chumba cha baridi hakuwahi kukikanyaga. Husema kifua chake hakipatani na ubaridi. Chupa zikabaki zinamsubiri. Tume ya uchunguzi imezipima upya, na karibu zote zina madini ya risasi.

Redio ilisema kuna mfanyakazi aliyewapelekea ufunguo wa chumba hicho. Ni mimi. Ila usinisifu bado, soma hadi mwisho.

Barua ya kukufukuza iliambatana na cheti kilichosema maji ya tangi namba mbili ni salama. Saini iliyokuwa chini yake ni yangu. Nilikuwa na wiki tatu tu kazini. Niliyapima mwenyewe, nikaiona risasi, kisha meneja akaniletea cheti chenye majibu mengine, akidai mashine ilikuwa na hitilafu. Nilitaka kuuliza. Mimi, uliyenipa jina la Profesa kwa maswali yangu, sikuuliza. Wala sikujua kwamba karatasi ile ingetumiwa dhidi yako. Ulikisoma umesimama mlangoni, ukakikunja mara nne, ukaniuliza kama nimekula. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu, Baba. Haiwezekani hukuutambua mwandiko wangu.

Mwezi uliopita ilikuwa zamu yangu kumwaga chupa zilizotimiza mwaka. Nikaikuta ile, na lebo ya penseli niliyoiandika kwa mkono wangu. Nilisimama nayo juu ya sinki mpaka vidole vikafa ganzi. Sikuimwaga. Niliirudisha, nikafunga mlango, nikaenda moja kwa moja kwenye ofisi ya tume.

Jumanne nitatoa ushahidi kwa jina langu, na habari ya saini nitaisema mwenyewe kabla sijaulizwa. Wakili wa tume amenionya kwamba huenda nikafukuzwa kazi. Nimemjibu kwamba kwetu tumeshazoea, akacheka, kisha akaniambia wanataka kukusikiliza na wewe pia, maana hakuna mwingine anayelijua tangi lile kama wewe.

Basi njoo. Kaa mstari wa mbele nikuone ninaposema. Na nikimaliza, Baba, usiniulize kama nimekula. Niulize lile swali ulilolimeza mlangoni. Safari hii nina jibu.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Majirani waliokuwa wakikuita Mzee Tope nao wasalimie, tena kwa sauti kubwa.

Ni mimi mwanao,
Profesa