Miti ya Avenue Yetu

Kampemba, Jumapili

Baba Zakari,

Nakusalimia huko kazini Kinsevere. Siye tuko. Zakari ameota meno mawili. Mama yako anaumwa mugongo, lakini kidogo tu.

Unakumbuka ile miti tulipanda pa avenue mbele ya weye kuenda kazi? Kila nyumba iliahidi kutunza muti wake miaka kumi, kuumwagilia maji wakati wa kiangazi na kukata matawi, ili watoto wapate kivuli. Tuliizungushia mbao juu ya mbuzi, wasiikule.

Sasa kuran ya umeme haiko, na makala ya kuwasha moto yamepanda bei. Jirani mumoja alichoma mbao zake, kisha mwingine. Mbuzi wakakula miti. Nilipita mulango kwa mulango nikiwagombeza bantu. Kurudia nyumbani, nikakuta mama yako anapika uji, mbao zetu zinawaka mu jiko la mbabula.

"Mama, hata weye?"

"Mutoto iko na njaa leo, Yasmine. Miaka kumi iko mbali."

Nililisha Zakari ule uji, na wenye ulibakia nikakula miye.

Jana niliita mukutano juu ya kupanda tena. Alikuja jirani Baba Ngosa peke yake, akauliza kama kuko mbao zimebaki za kuchoma.

Ulisema utarudi Idi. Idi zote mbili zimepita. Musonda, mwenzako wa kazi, alifika hapa akasema uko na bibi mwingine kule, naye iko na mimba. Nilimufukuza. Lakini nguo zako nimezitoa mu kabati, nimemupa mama yako.

Kama Musonda alidanganya, kuja uzivae. Miye sina tena nguvu ya kungojea kitu.

Yasmine, mama wa Zakari